Mnong'ono Chini ya Mlio

Mke wangu alianza kunipotea masikioni kabla hajanipotea machoni. Nayasema haya mapema ili asiyependa habari za majonzi aachie hapa akafanye kazi zake, maana sina namna ya kuzigeuza ziwe za furaha.

Tuliishi Uriri, nyuma ya kinu cha kusaga unga nilichokiendesha tangu ujana wangu. Mimi ni Mjaluo wa upande wa ziwa, Homa Bay. Yeye alikuwa Mkuria wa karibu na mpaka. Alipokuja kwangu hakujua Kijaluo, na Kikuria chake mpaka leo nakijua cha salamu na matusi tu, kwa hiyo nyumba yetu ikawa nyumba ya Kiswahili. Ndugu zangu walitucheka, wakasema tunaongea kama watu waliokutana ofisini kwa chifu. Ndugu zake walisema hivyo hivyo. Mungu hakutupa watoto. Tulikuwa sisi wawili, Kiswahili chetu na kwaya.

Kwaya yetu ya Wasabato haiimbi na kinanda. Mwalimu husimama mbele, akatoa do, nota ya msingi, kwa kichwa chake mwenyewe, kisha akawagawia watu sauti zao kutoka hapo: wa sauti ya kwanza so, wa pili mi, besi do ya chini. Mkono wake ukishuka, wimbo unaanza. Hakuna chombo cha kumsaidia. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu, na kusema kweli nilijivuna. Mke wangu alisimama mwisho wa safu ya sauti ya kwanza, karibu na dirisha, na ukisikia kwaya yetu ukasema inapendeza, ujue ulikuwa unamsikia yeye.

Mlio ulikuja jioni moja baada ya kuzima mashine. Nilishazoea masikio kuvuma kidogo nikimaliza kazi, kama miguu inavyouma baada ya kutembea. Siku hiyo haukuisha. Nilikula nao, nikaamka nao. Ulikuwa mwembamba, wa juu, zaidi upande wa kushoto, na haukuvuta pumzi. Nilitingisha kichwa, nikapiga miayo, nikaziba pua na kupuliza mpaka macho yakatoka machozi. Ulikuwa pale pale.

Kila niliyemwambia alikuwa na dawa. Mmoja akaleta mafuta ya kitunguu saumu. Mwingine akasema nichokoe na unyoya wa kuku, nami mjinga nikajaribu. Mteja mmoja, mama wa makamo, akaniambia sikio likilia maana yake kuna mtu anakutaja. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kama ni hivyo basi watu wa Uriri hawana kazi nyingine mchana wala usiku. Alichukua unga wake akaenda bila kuaga.

Sabato moja, kabla ya wimbo wa mahubiri, nilisimama mbele nikafungua kinywa kuitafuta do, na mlio ukanitangulia. Niliukuta umesimama mahali pa do, nikauchukua. Kwaya ikapanda nao. Wanaume wa besi wakaanza kuimba kama vijana wanaobalehe. Bibi mmoja wa sauti ya kwanza aliketi katikati ya ubeti wa pili na kuanza kujipepea. Tulipotoka nje, bwana mmoja mkubwa wa besi alinishika bega.

"Mwalimu, leo ulitaka tuimbe na malaika wenyewe huko juu?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilifika nyumbani nimenuna, nikakaa nje, na mke wangu akanijia na chakula kilichopikwa jana yake, kama kawaida yetu siku ya Sabato.

"Do yako unaitoa wapi siku hizi?" akaniuliza.

"Kichwani. Kama siku zote."

"Kichwa gani? Hicho kinacholia?"

Hakungoja jibu. Tangu Sabato iliyofuata, kabla kwaya haijainuka, alikuwa anapita karibu nami kama mtu anayekwenda kuchukua kitabu chake, akininong'onezea do kwenye sikio la kulia. Niliishika kooni nikatembea nayo mpaka mbele, polepole, kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa chai. Nikifika naitoa, kwaya inaipokea, na hakuna aliyejua. Bwana wa besi akanisifu kwamba nimerudia hali yangu. Tukifika nyumbani tulimcheka mpaka chakula kinapoa.

Ni yeye aliyenipeleka Migori kwenye kliniki ya masikio. Benchi lilikuwa refu na limejaa, na kwa sababu kila mmoja alitoka kwake na lugha yake, tuliongea Kiswahili. Mke wangu hakujua kukaa na watu bila kuwauliza mambo. Alimgeukia kijana aliyekuwa pembeni yake, mchimba dhahabu kutoka Nyatike.

"Wewe yako inalia aje?"

"Ni drili, mama. Hata Jumapili nikiwa kitandani, drili inafanya kazi."

Muuza samaki mmoja akasema yeye anasikia sufuria ya chai inayotaka kuchemka, haichemki. Mwanafunzi wa chuo aliyetoka Rongo akasema yake ni filimbi, ile ya refa, lakini ya mbali. Mzee mmoja Mkuria, mrefu, mwenye koti zito, akasema anasikia damu yake ikitembea.

"Tup, tup, tup. Nikamwambia daktari wa kwanza. Akaniambia nishukuru, ati ni ishara niko hai."

Kisha mwanamke mmoja aliyekuwa amenyamaza muda wote akasema, kwa aibu, kwamba yeye anasikia muziki. Gitaa la benga, bila maneno. Benchi zima likamgeukia.

"Wewe una bahati!" akasema mchimba dhahabu. "Sisi tunapewa mbu na mashine, wewe unapewa bendi."

"Ni kipande kimoja tu," akajibu. "Kinaanza, kinakatika, kinaanza tena. Niliolewa na mtu aliyekuwa anapenda hizo nyimbo. Sasa siwezi kuzisikia popote bila kutapika."

 Mke wangu akamshika mkono, halafu, kwa kuwa alikuwa vile alivyokuwa, akawaambia kila mtu aimbe mlio wake ili ausikie. Mnaweza kuamini kwamba waliimba? Mchimba dhahabu akanguruma, muuza samaki akafoka kama mvuke, mwanafunzi akapiga mluzi. Mke wangu aliwasikiliza mmoja mmoja akiwapa nota zao: wewe ni fa, wewe ni la, wewe mzee huna nota, wewe ni ngoma. Nesi akafungua mlango.

"Hapa ni kliniki ama ni kwaya?"

Nilicheka siku hiyo kuliko nilivyokuwa nimecheka kwa muda mrefu. Zamu yangu ya kuimba ilipofika nilikaza koo nikapanda juu kabisa, mpaka sauti ikawa uzi, nikamwonyesha mke wangu mlio wangu ulipo. Alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama. Kisha hakucheka tena.

"Hapo ndipo ninapoimba mimi," akasema.

Daktari alinifungia kwenye kijichumba, akanivisha vitu vya masikioni, akanichezea sauti nyembamba niseme nikizisikia. Nyingi sikuzisikia. Akanieleza kwamba mashine ya miaka yote ile ilikuwa imekula sauti za juu, na mlio ulikuwa umekaa palipobaki wazi. Hakuna dawa ya kuuzima, akasema. Nitauzoea. Nizibe masikio nikiwa kazini, na nisikae mahali penye kimya kabisa, maana kimya ndicho kinachoupa nguvu. Nilimwona kijana mdogo asiyejua anachosema. Alijua kabisa.

Tulikuwa bado tunaishi vizuri na mlio huo pale chakula kilipoanza kumkwama mke wangu. Kwanza ugali, akasema ni mkavu. Kisha wali. Kisha akawa mtu wa uji tu, akinitania kwamba ameota meno upya kama mtoto. Hospitalini Homa Bay walimwingiza mpira wenye taa kooni, wakakata kidogo wakapima, na daktari akatuita wote wawili ndani na kufunga mlango. Mlango wenyewe ulitosha kutuambia. Ilikuwa kansa ya koo, na ilikuwa imetutangulia mbali.

Sauti yake ilikwenda kabla ya mwili. Sehemu ya chini, ile ya kifuani aliyokuwa akiniitia chakula, ndiyo iliyoanza kukatika. Ikabaki hewa. Mnong'ono mtupu, na mnong'ono huo ukaangukia pale pale ulipokaa mlio wangu. Niliweza kusikia mbwa, mlango, wanaume wakibishana barabarani. Mke wangu aliyelala hatua moja kutoka kwangu sikumsikia. Nilikuwa naona midomo inakwenda, na kichwani mwangu kuna uzi unaolia. Nilimkasirikia Mungu kwa jambo hilo kuliko kwa kansa yenyewe, na sijajua bado kama nimeacha.

Hospitali ilipotuambia tukamtunze nyumbani, nilimwachia mtu kinu, nikampeleka kwetu kando ya ziwa. Alitaka mwenyewe. Alisema huko ndiko atakakolala, basi bora apazoee. Dada yake mdogo akaja kutoka Kuria kumuuguza, mwanamke mwema, mchapakazi, anayemwogopa Mungu kuliko mtu yeyote ninayemjua. Uriri kuna pikipiki, redio za maduka, kelele za gulio. Kwetu huko mchana kuna upepo kidogo na ng'ombe mmoja. Kimya kile kiliniua. Mlio ulipanda mpaka nikahisi una uzito.

Nilinunua redio ndogo sokoni ili kusikiliza habari. Siku moja stesheni ikapotea ikabaki ile sauti ya shhh, na kabla sijanyoosha mkono kuitafuta tena nikaona kwamba mlio umelegea. Haukuondoka. Ulirudi nyuma kidogo, kama mgeni aliyegundua kwamba kuna watu wengine chumbani. Nikapunguza shhh ikawa ndogo, nikainama mpaka sikio langu la kulia likagusa midomo ya mke wangu.

"Sema kitu," nikamwambia.

"Unanuka moshi," akasema.

Nilimsikia. Nililia kama mtoto, na yeye akacheka ile pumzi yake, na nikaisikia nayo.

Wataalamu wakitaka kunieleza kwamba haiwezekani, waje. Nasema ilivyokuwa. Tangu hapo tulikuwa na saa zetu za kuongea. Yeye mwenyewe ndiye aliyeijua ile shhh vizuri. Masikio yake yalikuwa mazima mpaka mwisho. Nilipokuwa nazungusha kitufe alinionyesha kwa kidole: si hapo, sogeza, rudi kidogo, hapo. Alinichagulia shhh kama alivyonichagulia do. Tuliongea mambo ya kawaida kabisa. Kuku gani anatagia kwa jirani. Nani katika sauti ya pili anavuta wimbo nyuma. Kama nitakula vizuri. Aliniambia nisioe mtu asiyeimba, nikamwambia anyamaze, akasema kunyamaza kunakuja, nisimharakishe.

Lakini kwa watu wengine ilikuwa kichaa. Kwetu, ukiingia kwa mgonjwa unaomba, unaimba ubeti mmoja kwa sauti ya chini, kisha unanyamaza kwa heshima. Wageni walikuta mwanamke mahututi na mumewe ameweka redio isiyo na stesheni karibu na kichwa chake. Walitazamana. Wengine walidhani nimechanganyikiwa na kunihurumia, wengine hawakunihurumia. Shemeji yangu alivumilia siku nyingi, kisha akanivuta nje.

"Shemeji, mtu anaumwa hivi na wewe unamwekea kelele? Anataka kupumzika."

Nilimweleza. Nilimweleza kuhusu kinu, kijichumba cha daktari, sauti za juu, yote. Alinisikiliza kwa upole akatikisa kichwa, na nikaona kwamba alikuwa anaelewa kitu kimoja tu, kwamba nina huzuni. Mlio wa mtu mwingine hauonekani. Ningekuwa na mguu uliovunjika angeniletea fimbo.

Sabato ile asubuhi nilimpa mke wangu maziwa kwa kijiko, akameza mawili. Niliondoka kidogo kwenda kumfunga ng'ombe aliyekuwa ameingia shambani kwa watu. Nilikuta malumbano huko, nikachelewa. Huku nyuma akina mama wa kanisa walikuja wakitoka ibadani, na shemeji, kwa kuona haya, aliitoa redio akaipeleka jikoni, akaweka kikombe cha maji kwenye stuli ilipokuwa. Simlaumu hata kidogo. Nyumba ya Sabato ilitakiwa kuwa nyumba ya Sabato, na wageni walikuwa mlangoni.

Niliporudi chumba kilikuwa kimejaa na hakuna aliyekuwa akipumua kwa nguvu. Walikuwa wameinamisha vichwa wakiomba kimoyomoyo. Mke wangu alinitazama tangu mlangoni. Midomo yake ilikuwa inakwenda tayari. Nilipita katikati ya akina mama, nikapiga magoti, nikaweka sikio.

Hakukuwa na kitu. Mlio tu, kutoka ukuta hadi ukuta.

"Rudia, mama," nikamwambia.

Alirudia. Nilihisi pumzi yake kwenye ngozi ya sikio langu, yenye joto, ikija kwa vipande, na kila kipande kilikuwa neno, na sikupata hata moja. Nilikubali kwa kichwa, kama mtu aliyesikia. Alinijua mno. Alitikisa kichwa polepole, akainua kidole, akaonyesha stuli.

"Anataka maji," akasema mmoja wa akina mama.

Nilitazama stuli nikaona kikombe. Hata mimi niliona maji. Nilichukua kijiko nikamdondoshea mdomoni, na maji yakatoka pembeni, nikampangusa kwa kiganja. Alifumba macho. Mkono wake ulikaa ndani ya wangu mchana kutwa, na kabla jua halijatua haukuwa wake tena.

Siku ya mazishi walileta vipaza sauti virefu kuliko mimi. Vilivuma mpaka ng'ambo ya kijiji, na chini ya mvumo ule masikio yangu yakatulia. Nilisikia kila hotuba, kila neno la watu waliomjua kidogo tu wakieleza alivyokuwa. Kwaya ilikuja kutoka Uriri. Bwana wa besi alikuja akasimama mbele yangu, akaniuliza kwa macho, nikamwonyesha kwamba aanze yeye. Alitoa do yake nzito, ya chini, na waliimba vizuri sana bila sauti ya kwanza ya pale dirishani. Nilichukia kwamba waliimba vizuri.

Shemeji alikaa nami mpaka matanga yalipokwisha. Asubuhi ya kurudi kwao nilimbebea begi, tukasimama barabarani kungoja gari. Alikuwa hajalala, niliona. Aliniita mara mbili kabla sijamgeukia.

"Shemeji, kuna kitu sijakwambia. Ile Sabato. Mimi nilikuwa upande ule mwingine wa kitanda. Nilisikia alichosema."

Nilimwambia aseme kwa nguvu.

"Alisema, 'Washa redio, nataka kumwambia kitu.' Mara mbili alisema. Nikafikiri ni homa. Kulikuwa na wamama, watu wako kwa maombi, mimi nianze kutafuta redio kweli? Nikaona aibu." Alianza kulia. "Nisamehe. Sikujua kama ni kitu ya maana."

Gari lilikuwa linakuja. Nilimwambia asilie, nikamwambia kwamba hakufanya kosa lolote, na nilimaanisha. Kisha nikamshika mkono ili asipande bado.

"Kitu gani? Alitaka kuniambia kitu gani?"

"Hakusema, shemeji. Alikuwa anangoja kwanza usikie."